Mguu wa Mwalimu Breki

Fundi viatu wa sokoni ndiye aliyegundua kwanza. Alivigeuza viatu vya mteja wake, akavitazama soli kwa jicho moja, kisha akacheka peke yake.

"Mwalimu," akasema, "huu mguu wako wa kulia unakwenda wapi ambako wa kushoto haufiki?"

Soli ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imelika pale chini ya dole gumba, ukiielekeza juani unaona mwanga upande wa pili. Mwalimu alimjibu kwamba mguu hauendi popote, unakanyaga breki tu. Miaka ishirini na minne amekaa kiti cha abiria ndani ya gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa, akiwafundisha watu udereva. Chini ya dashibodi, upande wake, kuna pedali mbili za ziada, klachi na breki, ambazo ndizo zilizomfikisha hapo alipo akiwa na viungo vyake vyote. Mwanafunzi akisahau, yeye anakumbuka. Mwanafunzi akiona ukuta na kukanyaga mafuta, yeye anakanyaga breki, kisha anamwambia, "Haya, tuanze upya, na ukuta tuuache ulipo."

Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Breki, na jina likamganda. Mguu nao ukakosa adabu. Akipanda gari la mtu mwingine, unakanyaga sakafu tupu. Akitazama televisheni na magari yakafukuzana, unakanyaga zulia. Siku ya kumzika baba yake, ndani ya gari lililobeba jeneza, alikanyaga njia nzima mpaka mama yake akamwekea mkono gotini na kumwambia, "Basi, mwanangu, huyu hana haraka tena."

Mambo ya kuchekesha yaishie hapo. Mwalimu ana hasira, na hasira yake ina miaka miwili na ushei, na haijachacha wala kupungua.

Ilianza na mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda mpaka leo, na kipara kimeshamtoka. Kitinda anauza rangi za nyumba kwa jumla, na kampuni ilimpa gari. Tangu alipolipata hakwenda tena popote kwa miguu, hata dukani mtaa wa pili. Gari ndilo lililokuwa heshima yake, sebule yake, na mara nyingi baa yake. Akinywa mbili anaendesha, akinywa nne anaendesha, na Mwalimu, dada yake, akimkemea anacheka: "Dada, mimi nikichangamka ndiyo nanyoosha usukani vizuri zaidi." Na ndugu wanacheka naye, kwa sababu Kitinda akichangamka ni burudani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa na ukoo mzima.

Jumapili moja, saa kumi na moja jioni, jua bado kali, Kitinda alitoka kwenye sherehe ya kumuaga mwenzake kazini. Akafika kwenye mstari wa kusimama karibu na kiwanda cha magodoro, hakusimama, akakata kona, akamgonga mfagiaji wa barabara. Mama wa watu alikuwa na ufagio mkononi na fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, ile wanayovalishwa ili waonekane. Kitinda alisema hakumwona. Alipopulizishwa kipimo, kikasoma mara mbili na nusu ya kile sheria inachoruhusu. Mguu wa yule mama ulivunjika mara mbili chini ya goti.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mtu mwingine.

Mahakama ilimtoza faini, ikamfungia leseni miaka miwili, na ikaongeza kwamba kabla ya kurudishiwa ajifunze upya masaa ishirini na mwalimu aliyesajiliwa, kisha afanye mtihani kama mtu asiyewahi kushika usukani. Mwalimu alipoisikia hukumu ile alidhani ndugu zake watainamisha vichwa. Thubutu! Nyumba ilijaa watu wa kutoa pole, na pole zote zilikwenda kwa Kitinda.

"Wamemkata miguu mtoto wa watu," alilia mke wa Kitinda, wifi yake.

"Mtu bila gari mji huu ni nusu mtu," alisema mjomba.

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Miguu! Kulikuwa na mwanamke wodini mguu wake umefungwa vyuma, na hawa wamekaa kwenye makochi wakimlilia mwenye miguu miwili mizima, tena iliyovaa soksi mpya.

Alijua, na jambo hili ndilo lililomchoma zaidi, kwamba kuhusu mji walikuwa wanasema kweli. Mji ule umejengwa kana kwamba mtu huzaliwa na magurudumu. Hospitali waliihamishia nje, kilomita nane kwenye barabara kuu, na hiyo barabara haina njia ya waenda kwa miguu, ina mtaro. Shule iko upande mmoja, soko upande mwingine, na basi la hospitali huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, ukilikosa shauri yako. Mama yao ana presha ya macho, na kila Alhamisi ya pili lazima daktari amwone, asipofika mara mbili tatu atakuwa anamtambua mtu kwa sauti. Zamani Kitinda ndiye aliyempeleka. Sasa nani ampeleke?

Mwenye gari. Na mwenye gari ni nani? Mwalimu.

Basi miaka miwili adhabu ya Kitinda ikatumikiwa na dada yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anapeleka watoto wa Kitinda shuleni, ndani ya gari lenye kibao paani. Kisha anampeleka wifi kazini. Alhamisi anampeleka Mama kliniki, na wanafunzi wake wanaambiwa waje kesho. Jumamosi anapigiwa simu, "Dada, kuna makopo ya rangi hapa, nisaidie kuyafikisha kwa mteja." Hakuna aliyemwambia asante, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni kazi. Walimwona kama maji ya bomba, yanayokumbukwa yakikatika. Mhukumiwa alikuwa amekaa kiti cha mbele, anachezea simu, anamwambia, "Pita ile ya chini, ina foleni ndogo."

Mwalimu angekuwa mtu wa matusi, angeyamaliza yote siku moja akapona. Bahati mbaya alikuwa mtu wa kazi.

Mfagiaji alirudi kazini baada ya miezi kumi, na gongo kwapani. Hawezi tena kufagia, kwa hiyo walimpa kiti kwenye geti la bohari ya magari ya taka, aandike yanayoingia na kutoka. Asubuhi moja Mwalimu alimkuta njiani, anakwenda pole pole pembezoni mwa mtaro. Akasimamisha gari, akajitambulisha ni dada wa nani, maana hakutaka kumpakia mtu kwa hila.

"Panda, mama, nikusogeze."

"Ahsante, mwanangu. Gari sipandi tena. Nitafika tu." Akapumua kidogo juu ya gongo lake. "Na yeye, yule ndugu yako, hajambo?"

"Hajambo."

"Haya. Mwambie namsalimu."

Jioni Mwalimu akazifikisha salamu kama zilivyo. Kitinda hakuinua macho kwenye simu. "Mimi faini nilishalipa," akasema.

Miaka miwili ikatimia. Jumapili moja wakakutana sebuleni kwa Mama, fomu ya mahakama iko mezani, kurasa mbili, masaa ishirini ya kujazwa na saini ya mwalimu chini. Kila mtu alikuwa amependeza kana kwamba leseni imekwishatoka.

"Tia saini, tumalize," alisema Mjomba. "Ya nini kumzungusha mtu mzima kwenye gari la kujifunzia? Kuendesha anajua. Mtihani wa kwanza alipasi siku moja, bila doa! We mwenyewe ndiye uliyemfundisha, umesahau?"

"Tena na wewe utapumzika, wifi," alisema mke wa Kitinda. "Huoni unavyochoka?"

"Damu nzito, mwanangu," Mama akasema taratibu, akifuta machozi ya dawa. "Mimi macho yangu yanakwisha. Nataka nimwone mwanangu kwenye gari lake kabla hayajazimika."

Mwalimu alishika kalamu. Hakuna aliyetamani kuisaini fomu ile kuliko yeye. Saini moja tu, na asubuhi zake zinarudi, Jumamosi zake zinarudi, na watu wote hawa wanahamia gari lingine. Lakini lile neno la Mjomba, bila doa, lilikuwa limemchoma mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyepajua.

Kitinda alikuwa mwanafunzi wake wa nne. Mwalimu mwenyewe wakati huo ana miaka ishirini na miwili, ameajiriwa juzi, mwenye chuo anamwambia kila siku kwamba mwanamke hawezi kazi hii. Kitinda ana kumi na minane. Utaratibu wa mtihani ulikuwa, na bado ndivyo ulivyo, mtahini anakaa kiti cha nyuma na karatasi zake, mwalimu anakaa mbele kwenye kiti chake, haongei, haonyeshi, hagusi kitu. Walikwenda vizuri mpaka mbele ya ofisi ya maji, ambako kuna mstari mweupe wa kusimama. Kitinda alipunguza mwendo, akatazama pembeni, na dada yake akaona wazi kwamba hasimami. Mguu wa kulia ukashuka wenyewe. Ukakanyaga kidogo tu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango penye mtoto aliyelala. Gari likasimama juu ya alama. Mtahini, ambaye kutoka nyuma haoni miguu ya mtu, akaweka alama ya vema.

Nyumbani Mama alilia kwa furaha. Mwalimu alijiambia, ni mara moja tu, atajifunza mbele ya safari. Na kwa miaka yote aliyomsikia Kitinda akijigamba kwamba alipasi mara moja, alinyamaza. Tangu Jumapili ya kiwanda cha magodoro alikuwa akiamka na hesabu hiyo hiyo: leseni ile niliipata mimi, kwa mguu wangu, nikampa yeye.

Akaiweka kalamu.

"Atasoma masaa yote ishirini," akasema. "Kesho saa mbili, na kibao juu ya paa."

Kelele zilizozuka hapo zilisikika mpaka kwa jirani. Mjomba alisema roho mbaya haijengi. Wifi alisema kumbe alikuwa na lake moyoni. Mama akageuzia uso ukutani, na hilo lilimuuma Mwalimu kuliko yote, lakini alikwishakasirika kiasi cha kutoweza kurudi nyuma.

Kitinda alikuja na kofia na miwani ya jua, asijulikane. Aliendesha kwa mkono mmoja. Kuendesha alijua kweli, usukani ulimtii, gia zilimtii. Ila kwenye kila mstari wa kusimama alifanya vile vile: anapunguza, anatazama, anateleza. Na kila mara mguu wa dada yake unakanyaga.

"Hukusimama."

"Tumesimama au hatujasimama?"

"Nimesimama mimi!"

"Dada, gari si ndilo lile lile?"

Saa ya kumi na tatu kati ya zile ishirini alikuja ananukia pipi za mnanaa, na chini ya mnanaa kulikuwa na harufu nyingine. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mwalimu hakuuliza. Walikuwa wameshafika barabara kuu, akamwambia aegeshe, akazunguka, akamfungulia mlango.

"Shuka."

"Hapa? Nyumbani kilomita saba!"

"Ndiyo. Tembea. Uone huo mtaro tunamowatembeza watu."

Simu ya wifi iliita mara kumi na moja siku hiyo. Mwalimu alipokea ya kwanza tu, akasikiliza tusi la kwanza, akaizima. Kitinda alirudi baada ya wiki, amenuna, miwani hakuvaa, lakini alikuwa mkavu, hajaonja tone la pombe, na alibaki mkavu mpaka saa ya ishirini. Mwalimu alitia saini kwa sababu masaa yalikuwa ya kweli. Kwenye nafasi ya maoni aliandika, kwa herufi kubwa: HASIMAMI KWENYE MISTARI. Msajili aliipiga fomu muhuri bila kusoma.

Siku ya mtihani Mama alitaka aletwe. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba magotini, pamoja na Mjomba. Mtahini alikuwa kijana mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaketi nyuma. Kitinda akakaza mkanda, akarekebisha kioo, akafanya yote kama kitabu kinavyosema. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake, na kabla gari halijaondoka aliirudisha miguu yote miwili chini ya kiti, akaipachika mmoja juu ya mwingine.

Njia ni ile ile. Taa, mzunguko, kilima, kisha kushoto, ofisi ya maji. Wameupaka upya ule mstari, ulikuwa mweupe hadi kuumiza macho. Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto, mbali kabisa pande zote mbili. Barabara ilikuwa tupu. Kama angekuwepo hata kuku, angekanyaga, na mambo yangerudi kule kule. Hapakuwa na kuku.

Kitinda akapunguza. Akatazama pembeni.

Mguu wa kulia ukaanza kutoka chini ya kiti. Mwalimu aliushika goti kwa mikono miwili, akalibana mpaka kucha zikaingia, akaomba, kwa hasira ileile ya miaka miwili, Simama basi, mwanaharamu wewe, simama mwenyewe mara moja katika maisha yako.

Gari likateleza juu ya mstari, likaupita, likaendelea.

"Egesha pembeni," mtahini alisema. Kalamu ikasikika kwenye karatasi.

Kitinda aliegesha. Hakumtazama mtahini kwenye kioo. Hakutazama mstari. Aliinama, akaitazama miguu ya dada yake iliyofungamana chini ya kiti, akainua uso wa mtu aliyeibiwa.

"Dada," akasema, "mbona hukukanyaga?"

Kumbe Kitinda alikuwa anajua. Tangu ana miaka kumi na minane alikuwa anajua nani alisimamisha gari siku ile, na hakuwahi kusema, na aliendesha miaka ishirini na miwili akiteleza juu ya kila mstari kama mtu ambaye mguu wa dada yake uko tayari chini ya dashibodi. Na Jumapili ile kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Kukanyaga nini, Mwalimu?" mtahini aliuliza.

"Kuna siku nilikanyaga, afande. Zamani. Andika ulichoona leo."

Walibadilishana viti. Mwalimu aliendesha hadi ofisini. Mama alisimama kwenye benchi kabla mlango haujafunguliwa, akawatazama wote wawili kwa macho yake mabovu, na hata kwa macho hayo aliona.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Sijamfanya kitu, Mama," Mwalimu alisema, na sauti ilimpanda mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka. "Leo ndiyo mara ya kwanza sijamfanya kitu!"

Akamshika mkono mama yake, akamsaidia kupanda kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Mjomba akapanda nyuma. Kitinda naye akafungua mlango wa nyuma ili aingie. Mwalimu akauweka mkono juu ya mlango.

"Bohari ya magari ya taka ni dakika ishirini kutoka hapa kwa miguu," akamwambia. "Yule mama yuko getini, kwenye kiti. Alikusalimu mwaka jana. Hujaitikia."

Akaufunga mlango, akazunguka, akaingia. Kwenye kioo alimwona Kitinda bado amesimama pembezoni mwa barabara, mikono mitupu, anatazama upande ule bohari ilipo. Mwalimu alitia gia, akaangalia nyuma na pembeni, akaondoka.